Maktaba Isiyopoteza Kitabu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye nimearifiwa kwamba yuko njiani, Ndugu Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye nimearifiwa kwamba yuko njiani kwenda kumpokea, Mwenyekiti wa Kongamano hili la Wataalamu wa Maktaba wa Kanda ya Magharibi, Makamu wake, Katibu wake, Katibu Msaidizi, ambaye ni mimi, wakutubi wenzangu mliosafiri kwa treni na kwa basi mkafika hapa mwisho wa reli mkiwa bado mna nguvu ya kusikiliza, wawakilishi wa wafadhili, viongozi wetu wa dini, walimu, wageni wetu wa mwambaoni mlioteremka botini asubuhi hii pale Kibirizi, na ndugu zangu wa Katubuka mlioingia baada ya kusikia harufu ya chai. Itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa imekadiriwa.

(Makofi.)

Mwakeye.

(Ukumbi: "Mwakeye.")

Ahsanteni. Mimi naitwa Telesphory Manariyo, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Uorodheshaji Sanifu na Ufikiaji wa Jamii za Mwambao, ambao kwa kifupi tunauita MUSUJA, jina ambalo kikao cha kulitafuta kilichukua siku tatu na kikavunjika mara mbili. Nimepewa dakika ishirini kueleza mafanikio yetu katika nyanja za viwango vya katalogi na kile ambacho wataalamu wanakiita autirichi, yaani kumfuata msomaji kule aliko badala ya kumsubiri akufuate ulipo, nami nitajitahidi nisizidishe dakika arobaini. Naomba mnivumilie. Mke wangu amenivumilia wiki nzima nikiisoma hotuba hii mbele ya kabati la nguo, na kwa kweli kabati lilinisikiliza vizuri kuliko yeye.

Ndugu wajumbe, tulipoanza mradi huu miaka mitatu iliyopita, hali ya uorodheshaji katika mwambao wetu, kuanzia Ujiji hadi Kagunga kule mpakani, ilikuwa ya kusikitisha. Utafiti wa awali, ambao niliufanya mimi mwenyewe kwa njia ya simu, ulionyesha kwamba asilimia tisini na saba ya vijiji havikuwa na katalogi, na asilimia tatu vilivyobaki havikupokea simu. Palikuwa na vitabu viwili vitatu hapa na pale, kabatini kwa mwalimu, kanisani, madrasa, vikiwa vimepangwa kwa urefu, au kwa rangi, au kwa kutegemea kipi kinafaa kuwekwa chini ya mguu wa meza usitikisike. Hiyo, ndugu zangu, si maktaba. Hiyo ni vurugu yenye kurasa.

(Vicheko. Mjumbe mmoja wa nyuma anaiandika sentensi hiyo.)

Ndipo ofisi yangu, kwa kuzingatia fremuweki ya kimkakati, vipaumbele mtambuka na mahitaji ya wadau wa ngazi zote, ikaja na kitu ambacho leo kinajulikana kitaaluma kama Mkabala wa Manariyo. Jina hilo sikulitoa mimi. Mimi nililipendekeza tu, kikao kikaridhia. Mkabala huu unasema kwamba maktaba nyingi hufeli kwa sababu zinaanza na vitabu. Vitabu vikishafika ndipo watu wanahangaika kuviorodhesha, na wakati wanahangaika, vingine vinaliwa na mchwa, vingine vinafungiwa maandazi, na kiwango kinavunjika kabla hakijasimama. Sisi tukageuza utaratibu, tukaanza na kadi. Kila kitabu kiwe na kadi iliyokamilika, yenye jina, mwandishi, mchapishaji, idadi ya kurasa, urefu kwa sentimita, namba ya somo na mahali pake rafuni, ili kitabu chenyewe kikija kikute kila kitu tayari, kama mgeni anayekuta kitanda kimeshatandikwa.

(Makofi. Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa.)

Sasa niwape takwimu, maana najua wataalamu mnazipenda. Lengo la pailoti lilikuwa kadi elfu nne. Tulikamilisha kadi elfu nne mia tatu na kumi na mbili, sawa na asilimia mia moja na saba nukta nane ya lengo. Kazi hiyo ilifanywa na karani wetu Feliksi, yule pale anayetazama viatu vyake, pamoja na mimi, kwa muda wa miezi mitano, bila kuvunja hata kanuni moja ya uakifishaji. Palipotakiwa nukta tuliweka nukta. Palipotakiwa mkato tulibishana, kisha tukaweka mkato. Mimi nilisomea ukutubi kwa bidii, na cheti changu nimekilaza chini ya kioo cha meza ya ofisi, ili anayekuja kuomba kitabu apate cha kusoma wakati nikimweleza kwa nini hakipo.

(Vicheko vifupi. Feliksi bado anatazama viatu.)

Kadi hizo tukazitia kwenye sanduku la mninga lenye droo kumi na mbili, tukalipakia kwenye boti pale Kibirizi, juu ya mifuko ya saruji na chini ya magodoro, tukalisindikiza mpaka Kagunga. Kijiji kizima kilishuka ufukweni kutupokea. Walikuwa wameshajenga chumba kwa nguvu zao wenyewe, chenye rafu pande tatu na dirisha kubwa kwa ajili ya msomaji mwenye macho mabovu. Mwalimu Elieza, ambaye alijitolea kuwa mkutubi wa kijiji, alilifungua sanduku, akavuta droo moja, akavuta nyingine, kisha akaniuliza kwa adabu kama vitabu vinakuja na boti ya nyuma. Nikamjibu kwamba vimo katika awamu ya pili. Wale watu wastaarabu wakakaa pale mchangani mpaka jioni wakiisubiri awamu ya pili.

(Kikombe kinagonga kisahani.)

Lakini msihuzunike, kwa sababu hapa ndipo sasteinabiliti, yaani uendelevu, inapoonekana. Wiki ya tatu, jamii yenyewe, bila semina, ikaanza kuazima kadi. Kila kadi siku kumi na nne. Mwalimu Elieza anapiga muhuri wa tarehe, msomaji anatia sahihi au dole gumba. Kuna mzee aliyeazima kadi ya kitabu cha ukulima wa michikichi, akaisomea familia yake wakati wa chakula, wakabishana siku nzima kurasa mia mbili na tatu zinaweza kuwa zimeeleza nini juu ya mawese ambacho wao hawakijui. Kiwango cha uazimaji kimepanda kutoka asilimia sifuri. Wamerudisha kwa wakati kuliko wasomaji wa mjini. Na katika miaka hii yote, ndugu wajumbe, naomba mnisikilize kwa makini, maktaba yetu ya Kagunga haijapoteza kitabu hata kimoja. Hakuna kilicholowa, hakuna kilichochanika, hakuna kilichofungiwa dagaa.

(Makofi mazito. Baadhi wanasimama.)

Kaeni, kaeni, mnaniaibisha, ingawa mnaweza kuendelea kidogo. Kwa rekodi hiyo ndipo kongamano hili likaamua kutupatia Tuzo ya Utunzaji Bora wa Makusanyo, ambayo mnaiona pale mezani imefunikwa kitambaa cha kijani, na ndipo leo mchana mtapiga kura kama Mkabala wa Manariyo uwe kiwango cha kanda nzima. Wajumbe, mkiupitisha, kila kijiji katika mikoa yote ya magharibi kitakuwa na sanduku. Hebu fikirieni masanduku hayo yote.

Ndiyo, naona mkono. Mama, maswali ni baada ya chai. Uko kwenye ratiba, kipengele cha tisa.

(Mwanamke wa makamo mwenye kitenge cha njano, ameshika mfuko wa rambo na kadi moja ya maktaba, anabaki amesimama.)

Ndugu wajumbe, huyu ni mama Rozalia wa Kagunga, mkaushaji wa dagaa, ambaye mwaliko wake niliuandika kwa mkono wangu ili mumwone mnufaika akiwa hai. Mama huyu hakuwa anajua kusoma. Alipoona wenzake wanaazima kadi, akajiunga na kisomo cha watu wazima cha Mwalimu Elieza akiwa na miaka hamsini na mbili, na leo anasoma. Mpigieni makofi. Kaa sasa, mama.

(Makofi. Mama Rozalia hakai. Anasema: "Shikamooni wakubwa. Nimekuja na boti tangu alfajiri na boti inarudi saa nane, kwa hiyo kipengele cha tisa kitanikuta majini. Mimi nina swali moja tu. Kile kitabu nilichokiwekea nafasi, nani anacho?")

Swali zuri sana. Swali la kitaalamu. Mama anaulizia kadi namba mia sita sitini na nne nukta tisa nne, Ukaushaji wa Dagaa na Migebuka Wakati wa Masika, kurasa mia moja arobaini na nane, picha, ramani. Mnaona jinsi mnufaika anavyoijua namba yake? Mama, kama tulivyokujibu kwa barua, kitabu hicho kiko katika mzunguko.

("Barua ninazo hapa," anasema mama Rozalia. "Ya kwanza ilisema kiko kwa msomaji mwingine. Nikaandika tena, masika yalikuwa yanakaribia, nikaomba huyo msomaji akimaliza asikae nacho. Mkajibu kiko kwa msomaji mwingine wa hapo hapo Kagunga, nimwombe kwa utaratibu. Ikapigwa muhuri.")

Kweli, barua zetu zote huwa na muhuri. Feliksi, usitoke nje, bado tunakuhitaji. Mama, ile ni barua ya kawaida, tunaiita jibu sanifu, lipo katika kiambatisho cha nne, mtu akiuliza kitabu anajibiwa hivyo ili asivunjike moyo. Na yale maneno ya wa hapo hapo Kagunga niliyaongeza mwenyewe, kwa nia njema, ili uone kwamba kitabu kiko karibu.

("Sasa mkubwa, hapo Kagunga walioomba kile kitabu tulikuwa wawili tu. Mimi na jirani yangu Stephania. Kama sinacho mimi, anacho Stephania. Nilimwuliza, akaapa hana. Dagaa wake masika yale hawakuoza sana, wangu walioza vyanja vitatu. Nikasema basi, anacho, anajifungia anasoma. Tuna mwaka na miezi miwili hatusalimiani. Mwanawe kaoa, sikwenda. Naye kapita msibani kwangu, sikumwitikia. Ndiyo nimekuja uniambie mbele za watu: anacho, au hana?")

(Sauti ya mwanamke mwingine nyuma: "Ego, ndiyo, aseme.")

Mama Rozalia, ndugu wajumbe, katika mazingira ya utekelezaji wa miradi mikubwa ya aina hii, yenye mwingiliano wa wadau na changamoto za kijiografia, hutokea wakati fulani ambapo taarifa iliyopo katika ngazi ya mfumo na hali halisi iliyopo katika ngazi ya rafu huwa hazijawianishwa, na uwianishaji huo, kwa mujibu wa mpango kazi, ulikuwa ufanyike katika awamu ya...

(Mama Rozalia: "Anacho au hana?")

Hana.

(Minong'ono.)

Stephania hana. Hana, na hajawahi kuwa nacho. Mwenyekiti, naomba maji. Ahsante. Hotuba yangu ina kurasa sita zilizobaki, na nimezipitia sasa hivi kwa haraka, hakuna ukurasa wenye jibu la mama huyu, kwa hiyo naziweka hapa chini. Nitasema bila karatasi, jambo ambalo sijalifanya tangu niajiriwe.

Kadi elfu mbili za mwanzo tulizinakili kutoka orodha za maduka ya vitabu. Orodha zikaisha, lengo halijafika, na ripoti ilikuwa inatakiwa Ijumaa. Feliksi akaniuliza tufanyeje. Nikamwambia mtaalamu hakosi kichwa cha kitabu. Tukaanza kuvitunga. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, nikachungulia dirishani nikaona wanawake wanakimbia kuanua dagaa, wengine wanafunika kwa turubai, wengine kwa khanga zao wenyewe, na nikaona jina la kitabu. Nikakipa kurasa mia moja arobaini na nane kwa sababu mia moja hamsini ingetiliwa shaka. Mwandishi nikampa jina la marehemu babu mkwe. Ramani niliiongeza kwa sababu kadi ilikuwa na nafasi. Nilikipenda sana kile kitabu, mama. Kilikuwa kitabu changu kizuri kuliko vyote, na niliporudi nyumbani siku ile nilijisikia nimefanya kazi.

(Hakuna anayecheka. Feliksi ameinua uso.)

Nami nikaitazama barua yako ya pili, imeandikwa kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza juzi, nikajisemea, tazama autirichi hii, mtu amejifunza kuandika ili atuandikie sisi. Nikaukata mstari wake wa kwanza nikautia kwenye ripoti ya mwaka. Sikuusoma wa pili. Naona aibu, mama. Nimevaa suti hii ya kuazima na naona aibu ndani yake.

("Kwa hiyo hakuna kitabu," anasema mama Rozalia.)

Hakuna.

("Basi nimeandika bure, nimekuja kulinganisha bure." Anatoa kwenye mfuko daftari kubwa la jalada gumu, limefungwa kwa uzi wa nyavu. "Nilichoka kusubiri. Kila tulichojaribu wakati wa mvua nilikiandika, kilichofaa na kilichoharibika. Nilisema huyo msomaji akirudisha, nilinganishe na cha mtaalamu, nilipokosea nirekebishe.")

Naomba nilione. Wajumbe, niruhusuni, hili liko nje ya ratiba. Lina kurasa sitini na moja. Ukurasa wa kwanza unasema hivi, nasoma kama ulivyo: "Usianike dagaa kwa kutazama mbingu. Tazama kwanza upepo wa ziwani, halafu tazama majirani. Wakianua na wewe anua, utauliza sababu baadaye." Ukurasa huu mwingine ni kipimo cha chumvi ya Uvinza kwa kila beseni. Hapa kuna kichanja chenye moshi chini na bati juu, kimechorwa kwa rula, na pembeni imeandikwa: "Hiki ni cha Stephania, nilikiona kwa mbali, sikumwuliza kwa sababu hatusemezani."

(Wanawake wa nyuma wanaguna.)

Ndugu wajumbe, mimi ni mtu wa viwango, na nimejaribu sasa hivi, hapa nilipo, kuliingiza daftari hili kwenye kadi yake. Halina mchapishaji. Kurasa hazilingani. Ramani hamna. Kwa mujibu wa Mkabala wa Manariyo, ambao mlikuwa mpigie kura mchana huu, kitabu hiki hakikubaliki popote katika katalogi yangu, na sababu pekee ninayoiona ni kwamba kipo.

(Mwenyekiti anavua miwani. Mama Rozalia: "Mkubwa, boti haisubiri. Niandikie ya Stephania. Ile barua ya pili ilikuwa na muhuri, na hii iwe na muhuri.")

Naandika, mama. Feliksi, lete muhuri. Naandika nyuma ya kadi hiyo uliyoishika, sina karatasi nyingine safi: "Kwa mama Stephania wa Kagunga. Kitabu ulichotuhumiwa kukificha hakijawahi kuwapo. Aliyekitunga ni mimi. Kosa si lako na si la mama Rozalia. Telesphory Manariyo." Haya, na muhuri. Umekaa upande, lakini unasomeka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nahitimisha kwa kaulimbiu za mradi wetu, kama ratiba inavyotaka, nami nawaomba muitikie hata kama hamna hamu, kwa kuwa zimeshachapwa kwenye fulana. Orodha kwanza! (Ukumbi, kwa unyonge: "Vitabu baadaye.") Kagunga bila kadi! (Sauti tatu: "Haiwezekani.") Inawezekana kabisa, ndugu zangu. Ile tuzo naomba ibaki chini ya kitambaa.

Natoa shukrani. Nawashukuru wafadhili wetu, waliofadhili sanduku na hawakuahidi kitu kingine chochote, hata mkiitafuta awamu ya pili katika karatasi zao hamtaiona, maana niliiandika mimi kwenye hotuba ya uzinduzi ili isikike imejaa. Naishukuru Ofisi Kuu ya MUSUJA, ambayo ni meza moja katika sebule ya Feliksi. Nawashukuru wataalamu wetu kumi na wanane walioorodheshwa kwenye tovuti, ambao wote ni mimi na Feliksi kwa vyeo tofauti. Namshukuru Mwalimu Elieza, aliyekuwa mkutubi wa kweli wa maktaba isiyokuwapo, na kila Jumamosi akazifuta vumbi rafu tupu.

Na namshukuru mama Rozalia, ambaye katika miaka yote mitatu ya mradi huu ndiye mtu pekee aliyeleta kitabu. Nimemwomba aniachie nikinakili, amekubali kuniazima kwa siku kumi na nne, na amenitaka nitie dole gumba japokuwa najua kuandika. Ameniambia nisipokirudisha, safari hii atajua kiko kwa nani.